Rangi inavuka mstari: tatizo ni kalamu, karatasi au mkono?

"Natengeneza kadi za mkono hapa Kisumu, nyingi za kuwatakia watahiniwa wa KCSE mafanikio, nyingine za harusi. Dada yangu aliye ng'ambo alinitumia boksi la kalamu za spiriti, rangi 48, kila kalamu ina ncha mbili. Nina muhuri wenye mchoro wa mama aliyejifunga leso, kichwani amebeba karai la samaki. Blauzi na anga vinatoka vizuri. Balaa ni vitu vidogo: hereni, shanga, maua ya leso, magamba ya samaki, macho. Hata nikigusa tu, rangi inavuka mstari. Mara nyingine mstari mweusi wenyewe unayeyuka na kuchafua uso. Natumia manila ya kawaida na pedi ya wino ya ofisini. Rafiki mmoja ameniambia ninunue kalamu za Kijapani za bei ghali. Mwingine anasema mkono umeanza kutetemeka, maana nina miaka 47 na siku hizi kadi naishika mbali na uso ndipo niione vizuri. Nimeharibu kadi karibu ishirini. Tatizo ni kalamu, ni karatasi, au ni mimi?"

Dada yangu, naanza na hilo la mwisho kwa sababu naona ndilo linalokuuma. Mtu ambaye mkono wake unatetemeka haharibu shanga peke yake. Ukingo wa blauzi ungemshinda, na hata kuandika jina la mtahiniwa ndani ya kadi kungemshinda. Wewe unasema blauzi na anga vinatoka vizuri, basi mkono wako unafanya kazi yake. Kinachokusumbua ni wino, na wino huu una tabia ambayo huelezwi unapopewa boksi: hausimami pale ncha iliposimama.

Jaribu jambo moja kabla ya kuendelea kusoma. Chukua kipande cha manila ile ile unayotumia na kalamu yoyote ya buluu. Ishike wima, gusa karatasi, inua papo hapo. Pembeni gusa tena, safari hii uhesabu moja, mbili, tatu ndipo uinue. Mara ya tatu hesabu hadi sita. Sasa angalia. Ncha ni ile ile na mkono ni ule ule, lakini nukta ya kwanza ni kama punje ya mtama, ya pili inakaribia punje ya mahindi, na ya tatu imeota manyoya pembeni na kutokeza upande wa nyuma. Ukiinamisha macho karibu utaona jambo jingine: nukta inaendelea kukua hata kalamu ikiwa imeshaondoka. Hapo ndipo shanga zako zinapoharibikia, katika zile sekunde mbili tatu ambazo unadhani umemaliza.

Sababu yake ni hii. Ndani ya kalamu hizi rangi imeyeyushwa kwenye spiriti. Karatasi nayo, ijapokuwa inaonekana kama bamba moja, ni nyuzi zilizolaliana zenye nafasi ndogo ndogo kati yake. Spiriti hupita katika nafasi hizo kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa koroboi, ikibeba rangi pamoja nayo, mpaka ikauke. Pale inapokaukia ndipo rangi inapobaki. Na ule mstari mweusi wa muhuri tunaouona kama ukuta si ukuta. Umelala juu ya karatasi, na wino wako unapita chini yake bila hata kuugusa. Kwa hiyo unaweza kuwa ndani ya mstari kabisa, mkono umetulia kama wa fundi saa, na bado rangi ikatoka nje. Kazi ya kupaka vitu vidogo ni kazi ya kupima wino.

Ukishalikubali hilo, namna ya kushika kalamu inabadilika yenyewe. Tuseme hereni yako ina upana wa milimita 4. Usifuate mstari wake, na usianzie pembeni. Weka ncha katikati, gusa, inua. Subiri. Tazama rangi inatembea hadi wapi. Ikisimama kabla ya mstari, gusa tena upande ule uliobaki mweupe. Mara nyingi miguso miwili hutosha, na rangi itaenda kuugusa mstari yenyewe. Wanaoanza hupaka hereni kama wanavyopaka blauzi, kwa kusugua mbele na nyuma, na kila safari ya ncha inamwaga wino mpya juu ya ule ambao haujakauka. Karatasi ikishiba, wino hauna pa kwenda ila nje.

Jambo la pili ni kupunguza wino kwenye ncha kabla haijafika mahali padogo. Kalamu mpya imejaa tele, na ndiyo maana watu wengi hukata tamaa wiki ya kwanza. Mimi hupaka kwanza sehemu kubwa ya rangi ile ile, na ncha ikianza kuchoka ndipo ninaingia kwenye vitu vidogo. Kama blauzi na hereni zote ni nyekundu, anza na blauzi. Kama hakuna sehemu kubwa ya rangi hiyo, chora mistari miwili mitatu kwenye karatasi ya takataka kwanza.

Kwa vitu vidogo kabisa kuna njia ninayoipenda kuliko zote, na haihitaji pesa. Tafuta kifuniko cha plastiki cha mkebe wa siagi, safi na kikavu. Sugua kalamu yenye rangi nzito juu yake mpaka pawe na doa la wino. Kisha chukua kalamu ya rangi hafifu ya ukoo ule ule, tuseme njano kwa doa la rangi ya machungwa, na uchovye ncha yake kidogo kwenye doa hilo. Sasa ncha ya njano imebeba tone dogo tu la rangi ya machungwa. Gusa nalo upande wa chini wa hereni, halafu panda juu. Itaanza rangi ya machungwa na kuishia njano bila mpaka kuonekana, na hereni itavimba kama dhahabu ya kweli. Usiogope kwamba umeharibu kalamu ya njano. Iandike kwenye karatasi ya takataka mpaka njano yake irudi safi. Boksi lako likiwa na kalamu isiyo na rangi, ambayo mara nyingi huandikwa namba 0, hiyo nayo inafaa sana kuchovya hivi.

Kuhusu ncha zenyewe: boksi nyingi za bei nafuu zina ncha moja pana iliyokatwa mshazari, na nyingine nyembamba ngumu. Ile nyembamba inadanganya. Unaiona ina milimita moja, unadhani itatoa mstari wa milimita moja, lakini imebanwa na hutema wino mwingi ukiisimamisha. Ncha laini ya mfano wa brashi ni bora zaidi, kwa sababu unaweza kugusa kwa kincha chake tu bila kukandamiza. Kama seti yako haina brashi, usihangaike. Gusa haraka, na utumie ile mbinu ya kifuniko.

Sasa tuje kwa rafiki yako na kalamu za Kijapani. Bila shaka alikuwa anasema Copic, ambazo kampuni ya Too ya Japani ilizitoa mwaka 1987. Nimezitumia na sitasema uongo, ni kalamu nzuri. Ncha zake hubadilishwa, wino unajazwa upya, na kuna rangi 358, kila moja na msimbo wake: herufi inaeleza ukoo wa rangi, tarakimu zinaeleza imefifia au imekolea kiasi gani. Kwa mtu anayepaka kila siku, kujaza wino badala ya kununua kalamu nyingine huleta nafuu baada ya muda. Lakini wino wake ni spiriti vile vile, na juu ya manila yako utatembea vile vile. Ukiwa na shilingi elfu chache leo, zipeleke kwenye karatasi na pedi. Kalamu zinaweza kusubiri.

Hapo pedi inanileta kwenye ugonjwa wako wa pili. Wewe umeuandika kama mmoja na ule wa kwanza, lakini ni magonjwa mawili tofauti kabisa. Rangi kuvuka mstari ni habari ya kiasi cha wino. Mstari mweusi kuyeyuka ni habari ya wino wa muhuri.

Wino wa pedi ya ofisi umetengenezwa ili pedi isikauke mezani kwa karani. Kwenye karatasi nyepesi ya risiti hunyonywa na kazi ikaisha. Kwenye karatasi nzito hubaki na unyevu kwa muda mrefu, na rangi yake huyeyuka katika spiriti. Ukipitisha kalamu juu yake ni kama kumwaga maji juu ya chumvi. Watu wengi wakishaona hivyo hukimbilia pedi iliyoandikwa kwamba wino wake haufutiki, na hapo wanaumia mara ya pili. Kutofutika huko ni kwa maji. Wino mwingi wa namna hiyo wenyewe umetengenezwa kwa spiriti au dawa ya ukoo wake, na spiriti huitambua spiriti mwenzake. Kinachofaa ni wino wa muhuri wa asili ya maji unaokauka kabisa ndani ya karatasi. Wachoraji wengi wa kadi hutumia Memento ya kampuni ya Tsukineko kwa sababu hiyo hasa. Upige, uache ukauke dakika kadhaa, ndipo upake.

Usiniamini mimi wala kibandiko cha dukani. Piga muhuri kwenye kipande cha karatasi, subiri dakika kumi, halafu pitisha kalamu yako yenye rangi hafifu kuliko zote juu ya mstari mara tatu. Angalia ncha. Ikitoka safi, pedi hiyo ni rafiki. Ikitoka na kijivu, iache iendelee kugonga risiti.

Funzo hilo nililipata vibaya. Muhuri wangu wa kwanza hapa Nakuru ulikuwa wa heroe wawili wamesimama majini, na nilipata kazi ya kadi sitini za harusi. Duka moja la vifaa vya ofisi liliniuzia pedi likanihakikishia kwamba hata mvua haitaondoa wino wake. Mvua kweli isingeuondoa. Nilipopitisha waridi kwenye shingo za wale heroe, waridi likawa kijivu cha moshi, na ncha ya kalamu yangu ikabeba weusi huo hadi kwenye kadi iliyofuata, na iliyofuata. Niligundua kwenye kadi ya kumi na moja. Bado ninazo mbili, ndizo nilizozitoa sandukuni niliposoma barua yako.

Kama pedi inayofaa haipatikani mjini kwako kwa sasa, kuna njia mbili. Ya kwanza ni mashine ya fotokopi, na hapa historia inakusaidia: jina Copic lenyewe linatokana na neno la Kiingereza la kunakili, kwa kuwa kalamu hizo zilibuniwa zipake juu ya nakala za mashine bila kuyeyusha weusi wake. Weusi huo, yaani tona, ni unga wa plastiki ulioyeyushwa kwa joto ukagandamana na karatasi, na kalamu za spiriti kwa kawaida haziusumbui. Piga muhuri wako mara moja vizuri kwenye karatasi nyeupe, peleka kwenye duka la fotokopi pamoja na karatasi zako ngumu, uulize kama mashine yao inazipitisha. Hakikisha ni mashine ya tona. Printa ya wino wa maji inaweza kuchafua kama pedi ile. Ila angalia masharti ya aliyetengeneza muhuri: wengi wanaruhusu uuze kadi ulizogonga kwa mkono mwenyewe lakini hawaruhusu mchoro wao unakiliwe kwa mashine na kuuzwa. Kwa mazoezi hiyo si shida. Kwa biashara, soma kwanza.

Njia ya pili ni kugonga mara mbili. Gonga muhuri kwanza kwa wino mchache sana, baada ya kuupiga kwenye karatasi nyingine, uache alama hafifu tu. Paka rangi zako zote. Zikikauka, gonga tena kwa weusi kamili juu ya alama zile zile. Ili mihuri miwili ilingane, gundisha vipande viwili vya kadibodi nene mezani vifanye kona, usukume karatasi kwenye kona hiyo na ukingo wa muhuri vivyo hivyo kila mara. Inahitaji subira, lakini mstari unakuwa juu ya rangi na hakuna kalamu inayopita juu yake tena.

Karatasi nitaisema kwa ufupi. Manila ya shule haijabanana na inanyonya kama sponji. Tafuta karatasi nyororo, iliyobanana, ya gramu 250 hadi 300, isiyo na mng'ao. Karatasi ya picha yenye mng'ao haifai, wino huteleza juu yake na kukusanyika vidimbwi. Nunua ukurasa mmoja mmoja wa aina mbili tatu, rudia jaribio la nukta, uchague ile ambayo nukta yake ya kuhesabu tatu ni ndogo na ina ukingo safi. Hata karatasi nzuri wino utatokeza nyuma, hilo halizuiliki, kwa hiyo paka kwenye kipande cha pembeni halafu ukibandike mbele ya kadi.

Sasa huyo mama wako na karai lake, maana hapo ndipo raha ilipo.

Leso yake usianze na maua. Rangi hizi zinapitisha mwanga, kama glasi: nyekundu juu ya njano inaonekana, njano juu ya nyekundu inapotea. Hivyo basi, paka leso yote njano, maua yakiwemo, bila kukwepa chochote. Ikauke. Kisha gusa maua kwa nyekundu au buluu ya kukolea, mguso mmoja katikati ya kila ua. Tofauti na hapo, ukitaka maua ya njano ndani ya leso nyekundu, itabidi uzunguke kila ua kwa nyekundu, na nyekundu itaingia tu. Chagua leso inayokubaliana na kalamu. Nukta nukta za pindo ziache kabisa. Utazitia mwishoni kwa kalamu ya jeli nyeupe, juu ya rangi iliyokauka, na pindo litasimama mbali na mji, yaani sehemu ya katikati, kama kwenye leso halisi iliyoanikwa. Jina la leso, yaani yale maneno yake, nalo usijaribu kuliandika kwa kalamu ya spiriti hata siku moja. Kalamu nyembamba ya mchoraji, ya wino usioyeyuka, ndiyo kazi yake.

Shanga zilizo chini ya milimita 2 si za kalamu hizi. Nalisema bila kusitasita, kwa sababu watu huona ni aibu kuchanganya vifaa. Paka shingo rangi ya ngozi moja kwa moja kupitia shanga, iache ikauke, halafu tia kila shanga kwa penseli ya rangi iliyochongwa ikachongoka. Penseli hukaa vizuri juu ya wino mkavu. Usigeuze mpangilio, maana nta ya penseli huziba ncha ya kalamu. Kalamu ya jeli nayo ni ya mwisho kabisa, kwa sababu hiyo hiyo.

Samaki: usipake gamba moja moja. Kama ni ngege, paka samaki mzima kijivu hafifu sana, rudia mgongoni kwa kijivu chenye ukijani, tumbo uliache jepesi. Ikikauka, kwa ncha iliyochoka, gusa tu pale mstari mmoja wa magamba unapoingia chini ya mwingine, na ufanye hivyo upande wa mgongo peke yake. Jicho la mtazamaji litamalizia magamba mengine lenyewe. Nukta moja nyeupe ya jeli kwenye jicho la samaki, na mteja ataamini ametoka ufuoni Dunga asubuhi hii.

Uso unataka utaratibu. Seti ya rangi 48 mara nyingi ina kahawia chache, na watu hukolezea ngozi kwa nyeusi, ngozi ikawa kama masizi. Anza na kahawia ya kati, pitisha mara mbili, na kivuli cha chini ya kidevu na pembeni mwa pua ukitie kwa kahawia yenye wekundu. Anzia kwenye paji la uso na mashavu ncha ikiwa na wino, fika karibu na macho ikiwa imechoka. Weupe wa jicho ni karatasi yenyewe, usipake kitu. Rangi ikiingia, jeli nyeupe itarudisha. Kati ya mkono mmoja wa rangi na mwingine, gusa karatasi kwa mgongo wa kidole: ukisikia ubaridi, spiriti bado inakauka ndani, ijapokuwa juu panaonekana pakavu. Hapo ukiongeza rangi itakimbia. Subiri ubaridi uishe.

Rangi ikishavuka, kalamu ya namba 0 inaweza kusaidia kidogo. Haifuti. Inasukuma. Igusishe nje ya mstari, upande uliochafuka, ielekee ndani, uache ikauke, urudie. Doa litafifia bila kuisha kabisa. Usitumie spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 badala yake, kwa kuwa ina maji ndani na karatasi huvimba. Kama doa haliondoki, zungushia mchoro wote kivuli cha kijivu hafifu, doa lizame humo.

Kwa joto la Kisumu, weka kalamu zikiwa zimelala, kwa sababu zina ncha pande mbili na zikisimama upande mmoja hukauka. Kifuniko kisukume mpaka usikie mlio wake. Paka dirisha likiwa wazi, mbali na jiko lenye moto, maana spiriti inashika moto, lakini usiwashe feni ikupulize mezani, kwani itakausha ukingo wa rangi kabla hujaurudia na kuacha michirizi. Waambie pia wateja wa harusi wasitundike kadi kwenye jua, rangi hizi hufifia.

Nimeacha jambo moja nililoliona kwenye barua yako ambalo wewe umelitaja kwa kupita tu. Unasema kadi unaishika mbali na uso ndipo uione. Hiyo si dalili ya mkono, ni ya macho. Kuanzia miaka ya arobaini lensi ya jicho hupoteza wepesi wake, na vitu vya karibu huanza kuwa na ukungu. Yanampata karibu kila mtu. Lakini mchoraji anayeshika kadi mbali hugusa kwa kubahatisha, na kwa milimita 4 kubahatisha hakutoshi. Tafadhali usiishie kwenye miwani ya kusomea ya barabarani. Nenda ukapimwe kwenye kliniki ya macho, iwe hospitali ya rufaa hapo Kisumu au Sabatia kule Vihiga, kwa sababu wakipima watachunguza pia presha ya macho, ambayo inaweza kuharibu jicho bila maumivu yoyote. Na kama kuna siku mkono utatetemeka hata ukiwa umepumzika mapajani, au ukapata kizunguzungu na kichwa kuuma kila ukipaka ijapokuwa dirisha liko wazi, hilo ni la daktari, usiniandikie mimi kwanza.

Ukifanya jaribio la nukta, ukabadilisha karatasi na pedi, na bado rangi inakimbia baada ya wiki mbili tatu, basi kuna kitu ambacho barua haiwezi kunionyesha: pembe unayoshika kalamu, au uzito wa kiganja. Hapo kaa na mtu ana kwa ana kwa saa moja. Mwalimu wa sanaa wa shule ya jirani au mchoraji wa mabango ataona kwa dakika tano. Nenda na kalamu zako, karatasi zako, pedi yako na kadi tatu zilizoharibika vibaya zaidi, usipeleke zile nzuri.

Zile kadi ishirini usizitupe. Chukua mkasi mdogo wenye ncha kali, umkate yule mama kwa kufuata mstari wake, doa lote la nje libaki kwenye takataka. Unapokata, geuza karatasi, mkasi ubaki mahali pamoja. Mbandike kwenye kadi mpya kwa gundi ya kijiti, kwa sababu gundi ya maji hukunja karatasi. Yule ambaye uso wake ulichafuka kwa weusi hatakufaa, lakini kwa jinsi ulivyoeleza, hao si wengi.